Mashine Isiyopata Moto

Maelezo ya Idarusi yalikuwa mazuri mno, na hilo ndilo lililomkera Inspekta Consolata tangu alipoyasoma mara ya kwanza. Mwizi wa kweli hukumbuka hili akasahau lile, huruka mwezi, hujipunguzia lita. Idarusi alikuwa ameeleza kila kitu kwa mpangilio, kama mtoto anayesoma risala mbele ya mgeni rasmi. Kwamba tangu Februari hadi Mei, kila safari, alikuwa akichota lita kumi na mbili za petroli kutoka kwenye boti ya tajiri wake, Mzee Himyar. Kwamba aliiuza Horohoro kwa mwanamke aitwaye Queen, anayewauzia bodaboda petroli ya chupa karibu na kituo cha mpakani. Kwamba siku ya msiba alichota kama kawaida, boti ikaishiwa mafuta, na Ziyad, mtoto wa tajiri, akafa kwa sababu hiyo. Chini kulikuwa na sahihi na alama ya dole gumba. Mkuu wa upelelezi alikuwa amepigia mstari mwekundu neno "nimekiri", na alitaka jalada liende kwa Wakili wa Serikali Jumatatu.

Ilikuwa Jumatano. Consolata alikuwa na siku tano za kumzuia nahodha mmoja asijifunge jela kwa mdomo wake mwenyewe, na hakuna mtu ofisini aliyeona kwamba hilo linahitaji haraka. Polisi humpenda mtu anayekiri. Huwapunguzia kutembea juani.

Msiba wenyewe haukuwa na utata. Boti ya Himyar ilikuwa ikichukua barafu kutoka Sahare kuwapelekea wavuvi kisiwani, na kurudi na samaki. Kwa miaka miwili safari hiyo ilikula lita thelathini na tano. Kuanzia Februari ikala arobaini na saba. Himyar, mtu aliyeendesha malori maisha yake yote kabla hajanunua boti, alijua lita kumi na mbili hazipotei hivihivi. Mwezi Mei akaamua mambo mawili: mafuta yatapimwa kwa kipimo cha zamani, lita thelathini na nane na si tone zaidi, na Ziyad, mwanawe wa pekee, atakaa botini kumchunga nahodha. Safari ya kwanza tu ya mpango huo, saa nane mchana, mashine ilizimika kwenye mlango wa mwamba. Boti ikageuka ubavu kwa mawimbi. Ziyad alikuwa mbele akitupa nanga, wimbi likamwondoa. Wavuvi waliofika alasiri walimkuta Idarusi amelowa chapachapa, sauti imemkauka kwa kuita.

Sasa Consolata alijiuliza swali ambalo halikuwa limeandikwa popote katika jalada. Siku hiyo mafuta aliyapima Himyar mwenyewe, na Ziyad alikaa juu ya dumu kutoka Sahare hadi kisiwani. Idarusi aliyachota saa ngapi?

Alianza na Horohoro, kwa kuwa palikuwa mbali na palimpa sababu ya kutoka ofisini. Queen alipatikana bila shida. Alikuwa anakaanga mihogo kwenye karai pana, akiwapakia madereva wa malori kwenye karatasi na kuwanyunyizia pilipili. Consolata alimwonyesha picha ya Idarusi, akamuuliza kama huyu ndiye aliyekuwa akimletea petroli tangu Februari.

Queen aliifuta mikono kwenye kanga kabla ya kuishika picha. "Dada, kibanda changu cha petroli kilisombwa na greda mwezi wa kumi na mbili. Barabara inapanuliwa. Tangu siku hiyo nakaanga mihogo."

"Huyu humjui?"

"Hata akinipita hapo simjui. Kwani yeye ananijua?"

Consolata aliirudisha picha mkobani. Majirani watatu, kila mmoja kwa wakati wake, walithibitisha habari ya greda. Idarusi, basi, alilitaja jina alilolikumbuka kutoka safari ya zamani, alipopita njia hiyo na lori la tajiri wake kwenda Mombasa. Alikuwa amejitafutia mteja wa wizi wake kama mtu anayejaza fomu.

Njiani kurudi Tanga aliyapanga mambo. Mafuta yalikuwa yanapotea, hilo kila mtu alikubali. Ikiwa Queen hakuyanunua, basi aliyanunua mwingine, au hayakununuliwa na mtu yeyote. Hilo la pili hakuna aliyewahi kuliangalia. Kila mtu alikuwa amemtazama nahodha. Mashine haikutazamwa.

Mashine yenyewe ilikuwa imefungwa kwenye mbao nyuma ya kituo, nguvu za farasi arobaini, ikiwa na kikaratasi cha kielelezo kilichochujuka kwa jua. Alhamisi asubuhi Consolata alimwita Eliudi, Mshambaa aliyekuwa akitengeneza boti za bandarini, mtu asiyetabasamu bila sababu na asiyetoa jibu kabla hajashika chuma. Alimwambia kitu kimoja tu: mashine hii inakula mafuta, na nahodha anasema ameyaiba yeye.

Eliudi hakuanza na mafuta. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakipangusa, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa upana wa kidole. Consolata aliuliza kama waliijaza kupita kiasi.

"Nusa," alisema Eliudi.

Ilinuka petroli. Eliudi alieleza polepole, kama mtu anayehofia kunukuliwa vibaya. Mashine ya aina hii haichanganyi mafuta na oili. Petroli ikikutwa kwenye oili, imeteremka yenyewe kwa sababu haikuungua, na haiungui yote pale mashine inapofanya kazi ikiwa baridi. Alifungua plagi tatu, moja baada ya nyingine, akazipanga juu ya gazeti. Zote zilikuwa nyeusi, zina masizi makavu yaliyobaki kwenye vidole.

Kisha waliishusha kwenye pipa la maji na kuiwasha. Ilinguruma kwa sauti ya juu, Eliudi akatazama saa. Mashine nzima, alisema, hunguruma hivyo dakika tatu au nne, ikishapata moto inatulia. Dakika tano zikapita. Dakika kumi. Askari wawili wa zamu walitoka kulalamika kelele wakarudi ndani. Dakika ya ishirini mashine bado ilikuwa inanguruma vilevile, na Eliudi akamwambia Inspekta aweke kiganja kwenye kichwa cha mashine. Consolata alisita. Alipokiweka hakuhitaji kukiondoa. Kilikuwa vuguvugu tu.

"Ingekuwa nzima, hapo ingekufukuza mkono," alisema Eliudi, akaizima.

Juu ya kichwa hicho kulikuwa na kifuniko kidogo chenye boliti mbili. Eliudi aliinama, akamwonyesha vichwa vya boliti. Vilikuwa vimechubuliwa na spana isiyo saizi yake. Pembeni mwa kifuniko, badala ya gasketi, kulikuwa na gundi nyekundu ya mafundi wa magari. Aliifungua. Ndani palikuwa na tundu, safi, tupu.

Alimweleza kwamba hapo hukaa thamostati, kitu kidogo kuliko kizibo cha chupa ya uji. Kazi yake ni kuyazuia maji ya bahari yasizunguke ndani mpaka mashine ipate moto, kisha kufunguka kidogo kidogo. Isipokuwepo, maji ya baridi hupita muda wote, na mashine haipati moto hata ikitembea mchana kutwa. Kompyuta yake huisoma baridi hiyo, hudhani ndiyo kwanza imewashwa, na huzidi kuongeza mafuta. Consolata aliuliza kama imevunjika ikaondoka na maji.

"Haijavunjika, afande. Imetolewa. Na aliyeitoa alipanga isirudi, maana amepaziba vizuri."

Kwa muda wa saa moja Consolata alimshuku Idarusi upya. Nahodha mjanja angeweza kuitoa ili apate kisingizio: mafuta siibi, mashine ndiyo inayokula. Lakini kisingizio hutengenezwa ili kitumike. Huyu alikuwa nacho tayari ndani ya mashine, hakukitaja, akakimbilia kukiri. Alilifuta wazo hilo, akaenda mahabusu.

Kabla ya kuitiwa Idarusi aliomba daftari la wageni. Idarusi alishikwa tarehe ishirini na moja Mei, na kwa siku sita alikana kila kitu. Tarehe ishirini na saba alipata mgeni mmoja. Tarehe ishirini na nane alikiri. Mgeni alikuwa Bi Shamsiya, mke wa Himyar, mama wa marehemu, na kwenye safu ya alichobeba askari aliandika: uji wa muhogo, chupa moja.

Consolata alisoma mstari huo mara mbili. Mama aliyefiwa alikuwa amemletea uji mtu anayesemekana kumuua mwanawe, na walioandika jalada hawakuona ajabu.

Idarusi aliletwa, mwanamume wa miaka thelathini na tano, mikono mikubwa, amekonda mashavuni. Alimsalimu kwa adabu akakaa. Alipoulizwa habari ya Queen alirudia maneno yake yaleyale. Alipoambiwa greda lilibomoa kibanda Desemba, aliinama, kisha akasema labda alimuuzia mwanamke mwingine, ameghafilika jina. Consolata hakumbana. Alifunga jalada, akaongea kama mtu aliyemaliza kazi na anapitisha muda tu.

"Nimeiona mashine yako. Nzuri. Inachukua muda gani kupata moto?"

"Haipati," alisema Idarusi.

Lilimtoka kabla hajalifikiria. Lilikuwa jibu la nahodha, si la mshtakiwa, na akishaanza nahodha hawezi kunyamaza. Alieleza kwamba zamani ukiiwasha pale Sahare, kabla hamjamaliza kupakia barafu imeshatulia. Tangu mwezi wa pili haitulii mpaka kisiwani, na ukienda polepole inakohoa. Alimwambia Mzee mara tatu. Mara ya tatu Mzee alimwuliza mbele za watu kama mashine nayo imejifunza ulevi.

"Tangu mwezi wa pili," alisema Consolata. "Kilitokea nini mwezi wa pili?"

"Ilirudi kutoka Makorora. Kwa Rama."

Hapo alitambua amefika wapi. Alijikunja kwenye kiti, akaweka mikono katikati ya magoti, na uso ukajifunga. Consolata alimuuliza ni nini alichoambiwa na Bi Shamsiya siku ile ya uji. Idarusi alitikisa kichwa.

"Nimeiba mimi, afande. Iache kama ilivyoandikwa."

"Utafungwa miaka."

"Najua."

Consolata alitoka na hasira, na hakujua amkasirikie nani. Watu wanaosema uongo ili wasifungwe aliwazoea, hata aliwapenda kidogo. Huyu alimuumiza.

Gereji ya Rama ilikuwa uwanja wa mafuta machafu katikati ya nyumba za Makorora, malori mawili yamenyanyuliwa juu ya mawe na magurudumu yametupwa huku na huko. Rama alikuwa mnene, mchangamfu, mwenye kupenda kusikilizwa. Alipoulizwa kuhusu thamostati ya boti hakuficha lolote, kwa kuwa hakuona cha kuficha. Aliingia stoo, akatoka na kopo la maziwa ya unga, akalimimina juu ya meza. Thamostati zikatawanyika, za malori, za magari madogo, za pikipiki za magurudumu matatu, labda hamsini.

"Kila gari linaloingia hapa hicho kidude nakitoa," alisema. "Hicho ni cha Ulaya, kwenye theluji. Tanga na joto hili gari likipashwa tena si litachemsha?"

Alimweleza kisa cha boti bila kuombwa. Mwezi Januari king'ora cha joto kililia mara moja, baharini. Kumbe mfuko ulikuwa umenasa mahali mashine inapovutia maji. Idarusi aliutoa, king'ora kikanyamaza, basi. Lakini Mzee Himyar aliposikia neno joto hakulala. Aliichukua mashine, akaileta Makorora na gari lake mwenyewe.

"Ulimshauri wewe aitoe?"

"Mimi? Mzee ndiye aliyenifundisha. Nilikuwa utingo wake miaka ya malori. Alisimama hapo ulipo, akaniambia toa hicho kidude, pasafishe, paziba. Spana alinishikia yeye."

Consolata aliandika maneno hayo, akamsomea, Rama akatia sahihi kwa furaha, maana yalimtaja pamoja na mtu mkubwa. Hakuwa ameelewa. Alikuwa anafurahia maongezi, na ndipo akaleta habari ya Halbadiri kama mtu anayeongeza sukari. Kwani Inspekta hakusikia? Mwezi wa nne, Mzee alipochoka na wizi, aliwaita masheikh saba barazani kwake wakasoma Halbadiri, na Rama mwenyewe alikuwepo, alikula wali. Mzee alitaka laana hiyo impate mtu yeyote aliye sababu ya kupotea kwa mafuta yake, awe nani, awe wapi. Haukupita mwezi, Ziyad akafa juu ya boti ileile.

Rama alishusha sauti. "Mji mzima ulisema imempata mwizi. Kumbe mtoto ndiye aliyekuwa anamwibia baba. Khitima ilikuwa na watu wachache, afande, kwa mtu kama Himyar ni aibu. Mpaka Idarusi alipokiri, ndipo watu wakarudi nyumbani kule kutoa pole."

Consolata alisimama na kalamu mkononi. Sasa uji wa muhogo ulikuwa na maana. Mama alikuwa na mtoto aliyekufa na mji uliokuwa unamwita mwizi, na njia ya kumsafisha ilikuwa moja tu, apatikane mwizi mwingine.

Ijumaa na Jumamosi zilikwenda kwenye majaribio, kwa kuwa maneno ya fundi hayatoshi mbele ya hakimu na Consolata hakutaka mtu amwambie baadaye kwamba alibahatisha. Boti ileile ilitolewa Sahare ikiwa na magunia ya mchanga uzito wa barafu na samaki, njia ileile, saa zilezile, askari wa majini akiwa shahidi. Safari ya kwanza, mashine kama ilivyokutwa, ilikula lita arobaini na saba na nusu. Eliudi alibadilisha oili na plagi, akaweka thamostati mpya, akatia gasketi. Kabla hawajafungua kamba mashine ilikuwa imeshatulia. Safari ya pili ilikula thelathini na tano. Kwa kipimo cha Himyar cha lita thelathini na nane, Ziyad angefika nyumbani na mafuta yakabaki.

Jumapili, baada ya sala ya alasiri, Consolata alikwenda nyumbani kwa Himyar, Ngamiani, Barabara ya Tano. Alikaribishwa sebuleni, akaletewa kahawa na halua. Himyar alikuwa mzee mrefu aliyevaa kanzu nyeupe, ndevu zimechanwa, anajikaza. Bi Shamsiya alikaa kando ya mlango wa ndani, amejitanda mtandio, tasbihi mapajani, hakunyanyua macho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tumesikia kesho jalada linakwenda."

Consolata alimwambia alichokikuta, kwa mpangilio, bila kupaka sukari: oili, plagi, tundu tupu, Rama, safari mbili, lita arobaini na saba na nusu, lita thelathini na tano. Alisema Idarusi hakuiba. Alisema Ziyad hakuiba. Hakukuwa na mwizi. Himyar alisikiliza huku akizungusha kikombe chake juu ya sahani, na Consolata alipofika kwenye spana kikombe kikasimama.

Alijitetea kwanza kwa ufundi. Malori yake yote yalitolewa thamostati, yalikwenda Lushoto na Mombasa miaka thelathini na hayakumlia mafuta. Consolata alijibu kwamba huenda yalimlia miaka yote thelathini, ila dereva wa lori mafuta yakimwishia hushuka akakaa kando ya barabara.

Mzee aliisukuma kando sahani ya kikombe. Alipoongea sauti ilikuwa imepungua.

"Ikiwa hakuna mwizi, mimi ile Halbadiri nilimsomea nani?"

Consolata alikuwa Mkristo wa Muheza, na hesabu hiyo haikuwa yake. Alimtazama mtu mzima akilihesabu jambo hilo peke yake mpaka mwisho. Kwa muda mfupi alimwonea huruma, na huruma hiyo haikudumu, kwa sababu Himyar alifuta uso kwa kitambaa, akakaa vizuri, akawa tajiri tena.

"Idarusi amekiri," alisema. "Mimi sikumpiga, polisi hawakumpiga. Ameandika kwa mkono wake. Nitamlipia wakili mzuri, atafungwa kidogo, na akitoka nitamtazama. Wewe peleka jalada kama lilivyo. Ukilifungua hilo jingine, utamfufua Ziyad?"

"Nitamtoa Idarusi."

"Idarusi hana mtu. Hajaoa, mama yake Mwanasiti alikuwa mpishi wetu, alikufa siku ya kumzaa. Atakayeumia ni nani? Mimi nitapita vipi mbele za watu?"

Consolata alifungua mkoba ili atoe karatasi, kwa kuwa sheria ilimtaka amwandike maelezo, na alikuwa anatafuta neno ambalo lingekuwa la kisheria na pia lingemuumiza. Bi Shamsiya alikuwa ameweka tasbihi juu ya mkeka.

Alisema hataki kahawa ya mgeni ipoe kwa ajili ya uongo. Aliongea taratibu, akimtazama Inspekta na si mumewe. Mwanasiti alipokufa, yeye Shamsiya alikuwa amezika mtoto wake wa kwanza siku tisa kabla, na kifua kilikuwa kinamuuma kwa maziwa. Walimletea kile kichanga cha jikoni. Alikinyonyesha miaka miwili. Ziyad alikuja baadaye, Mungu alipotaka. Tarehe ishirini na saba alikwenda mahabusu, akamwambia Idarusi mji unamwita ndugu yake mwizi kaburini, na yeye amechoka kufunga madirisha. Hakumwambia kiri. Alimmiminia uji, akamwambia hivyo tu, naye alikunywa wote, akamwuliza, "Mama, nikisema ni mimi, watakuja kumsomea?"

"Nilimjibu watakuja," alisema Bi Shamsiya. "Nilijua nafanya nini."

Himyar alimwita kwa jina, kwa ile sauti ya kunyamazisha. Hakunyamaza. Alinyanyuka, akajishika ukutani kwa maumivu ya goti, akaenda kuchukua baibui nyuma ya mlango. Alimwambia Consolata hayo yote atayaandikisha kituoni, leo, kwa jina lake na la baba yake, na kama kuna kosa la kumtuma mtu akiri asichofanya basi wamwandike na hilo.

Mumewe alisimama mbele ya mlango. Hakumgusa. Alisema tu, kwa kusihi sasa, "Shamsiya, nimebaki na nini mimi?"

Bi Shamsiya alivaa baibui, akafunga kifungo cha shingoni, kisha kwa mara ya kwanza tangu mgeni aingie akamtazama mumewe.

"Walionyonya kifua hiki wakakua ni wawili, Himyar. Mmoja umenizikia. Wa pili sikupi."

Himyar alisogea kando. Consolata alimshika mkono Bi Shamsiya kwenye ngazi, wakatembea kwenda kwenye gari. Kituoni aliandika mpaka magharibi, kurasa nne, akamsomea zote, na mama akatia sahihi kila ukurasa bila kuomba neno lolote lifutwe.